Mtani Aliyeacha Utani

Aberdeen, Uskoti
11 Februari 1974

Ndugu Yordani,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na jamaa wote wa Ngombezi. Najua nimekaa muda mrefu bila kukuandikia, na sina sababu ya maana ila kazi.

Leo nakuandikia kwa shida. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeniletea mwaliko. Kuna mpango mpya wa kutuita sisi tunaofundisha vyuo vya ng'ambo, turudi nyumbani kwa muhula mmoja, tufundishe na kukaa na wanafunzi, kisha turejee kwenye kazi zetu. Wananitaka kuanzia Julai nifundishe somo langu la maji ya chini ya ardhi. Nauli wanatoa, na nyumba ipo Mlimani. Wanataka jibu kabla ya Machi kwisha.

Wenzangu hapa wananipongeza, wanashangaa kwa nini sijajibu. Nitawaambiaje kwamba mtu mzima wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa watu, anamwogopa mama yake?

Wewe unayajua ya kwetu. Mwaka 1962 Mama alinisindikiza mpaka barabarani Kabuku, akaniambia nisome nirudi. Sikurudi. Mwaka 1969 nikamwandikia kwamba nimeoa huku huku, mwanamke wa Kiskoti aitwaye Moira. Barua ile haikujibiwa mpaka leo. Kabla ya hapo kila baada ya mavuno alimwandikisha mdogo wangu Hamisa barua ya kurasa mbili, hata habari za mbuzi zimo. Baada ya hapo, kimya. Hamisa alipoolewa Mkumbara aliniandikia mara moja, na kuhusu Mama alisema neno moja tu, "mzima".

Naona amenitoa moyoni. Nikija Dar es Salaam nisifike kwa Mama, nitakuwa mtu wa namna gani? Na nikifika, akanigeuzia mgongo mbele ya watu, sitakuwa tena na kwetu. Afadhali nikae na kimya chake kuliko kulisikia neno lenyewe.

Kwa hiyo nakuomba, Jumapili moja panda basi uende Kwedimbogo ukamwone. Mwulize kama ananitaka. Utakalonijibu wewe, ndilo nitakalowajibu Chuo.

Wako,
Rehani Mdoe


Ngombezi, Korogwe
2 Machi 1974

We Mzigua mla mizizi,

Eti "Ndugu Yordani"! Nimeisoma mara mbili nikidhani ni katibu wa tawi ananidai kadi ya chama. Tangu lini mtani akaitwa ndugu? Babu yangu alitoka Tabora na pembe ya ndovu begani, akapita kwenu akawakuta mmekaa na njaa yenu mnaitazama. Tangu siku ile ninyi Wazigua ni mali yetu Wanyamwezi, na mali haimwiti mwenyewe ndugu.

Tena siku hizi ni mwalimu wa maji! Handeni nzima watu wanagombania dimbwi na ng'ombe, yeye kaenda kuyasomea maji kwenye nchi ambayo mvua inamfuata mtu mpaka kitandani. Ndiyo akili yenu hiyo. Mwenye kiu anakimbilia baharini.

Haya, nimekwenda kwenu kama ulivyotaka. Pokea habari zako. Nyumba yenu haipo. Nimekuta majani yamefika kiunoni na nguzo mbili zimelala. Mama yako nimemkuta kwingine, amenona, anang'aa, na amesema hana mtoto anayeitwa Rehani. Alikuwa naye zamani, akafa kwa baridi, wakamlia wakamaliza. Mtoto wake wa kiume sasa ni mimi. Jogoo wako amenipa, nimemla. Kitanda chako amenipa. Suruali zako za shule nazo angenipa, ila zimenibana kwa kuwa mimi nimekula nikashiba. Nikamwuliza, "Na akija je?" Akasema, "Akija asalimie apite, kama wapita njia wengine."

Basi usije. Ukija utatupunguzia ugali. Kaa huko huko ukawafundishe Waskoti kunywa maji.

Mwenye mali,
Yordani Mihayo


Aberdeen
19 Machi 1974

Ndugu Yordani,

Barua yako imefika. Nakushukuru kwa safari uliyoifanya, na kwa kutonificha. Niliomba ukweli, nawe umenipa. Sikutegemea ungeusema kwa furaha kiasi kile, lakini pengine ndivyo watu wanavyosema wakishamchoka mtu.

Jana nimewaandikia Chuo. Nimewashukuru na kuwaambia sitaweza kuja. Sababu niliyotoa ni kazi.

Ikiwa Mama anakubali kusikia jina langu, mwambie nimeelewa. Kitanda ni chako, ulalie salama.

Barua hii haihitaji jibu.

Rehani Mdoe


Ngombezi
3 Aprili 1974

Ndugu yangu Rehani,

Nakuandikia bila utani wowote. Mungu ni shahidi yangu.

Barua yako nilipewa kiwandani, pale mezani kwangu ninapoandika hesabu za singa za mkonge. Niliifungua nikiwa nimekwisha kuanza kucheka. Nikawa nangoja, nasema sasa hivi atafika kwa babu yangu, sasa hivi atanirudishia. Nikafika kwenye jina lako hujanitukana hata mara moja. Nikatoka nje nikakaa juu ya matofali.

Ndugu yangu, nilikuwa nakutania. Mtani akikwambia hutakiwi, amekwambia njoo, na hilo mtoto wa miaka mitano wa hapa Ngombezi analijua. Nilidhani nawe bado unalijua. Sikufikiri kwamba mtu aweza kukaa miaka kumi na miwili bila mtu wa kumtukana kwa mapenzi.

Ukweli ndio huu. Nyumba yenu haipo kwa sababu Kwedimbogo yote imehama. Serikali imewakusanya watu kwenye kijiji cha ujamaa kando ya barabara kuu, karibu na Kabuku, wapate shule na zahanati. Wako waliohama kwa kunung'unika, na wako waliolia. Mama yako alihamisha kuku kwanza, halafu ndipo akakubali kupanda gari yeye. Ana nyumba ya miti na udongo, kuta bado mbichi. Afya yake njema.

Hayo ya kwamba hana mtoto nimeyatunga mimi. Hakuyasema. Nilipomwuliza kama anakutaka aliingia jikoni akakaa huko, kisha akatoka na jogoo amemfunga miguu akanikabidhi. Hakusema ndiyo wala hapana. Nami sikujua jogoo nikuandikieje, ndugu yangu, nikaona nijaze pale kwa utani. Hapo ndipo nilipokosea.

Nisamehe. Waandikie Chuo upesi, uwaambie umebadili nia.

Ndugu yako,
Yordani


SIMU YA MAANDISHI
Aberdeen, 16 Aprili 1974

YORDANI MIHAYO NGOMBEZI KOROGWE
UMEACHA UTANI UMENIITA NDUGU MARA TATU MAMA AMEKUFA LINI SEMA KWELI HAMISA AANDIKE
REHANI


Kijijini, Kabuku
28 Aprili 1974

Kaka Rehani, shikamoo.

Mama yu hai. Naanza na hilo ili mengine uyasome umetulia. Yuko hapa mbele yangu anachambua kunde, na ameniambia niandike "yu hai" kwa herufi kubwa, kwa kuwa huko mliko huenda macho yenu yameharibika kwa ukungu. YU HAI.

Yordani alifika kwangu Mkumbara na simu yako mkononi, uso umemshuka. Hakunitania hata neno moja. Mume wangu Hiza akanivuta pembeni akaniuliza nani kafiwa. Huyu ni mtu ambaye siku ya harusi yangu alilala barabarani mbele ya gari la bwana harusi akakataa kuinuka mpaka apewe mguu wa mbuzi! Nikaona hapa pana jambo. Nikapanda naye basi, na hali yangu ya sasa si ya kusafiri, maana nina mimba, natapika kila dereva akikata kona.

Kaka, msomi ni wewe, lakini leo nisikilize mimi. Mwaka ule barua yako ya kuoa ilipofika nilimsomea Mama. Akasema soma tena. Nikasoma tena. Kisha akaniuliza, "Nani kaileta?" Nikamwambia posta. Akasema, "Na mshenga ni nani?" Nikamwambia hakuna mshenga, Mama, ni barua tu. Akasema, "Neno la ndoa haliletwi na karatasi. Mtoto wetu akioa anatuma mtu mzima, mtu huyo anakaa, anaulizwa, anajibu. Rehani analijua hilo. Ametanguliza barua, mshenga yuko nyuma anakuja. Tumngoje."

Tukangoja. Kila aliyeshuka kwenye basi amevaa viatu vizuri, Mama alikung'uta mkeka. Alikuja bwana shamba, mkeka. Wakaja watu wa kupima malaria, mkeka. Nilitaka kukuandikia nikwambie, akanikataza kabisa. Alisema mtu mzima akikumbushwa adabu ya kwao na mdogo wake, hiyo si adabu tena, ni kuagizwa. Kwa hiyo mimi nikakuandikia "mzima" tu nikafunga mdomo. Wewe unangoja jibu, yeye anangoja mjumbe, miaka inakwenda. Nimechoka nanyi wote wawili, na nasema hivi Mama akinisikia.

Sasa anasema niandike kama anavyotamka:

"Rehani. Mimi sijafa. Hasira nilikuwa nayo na sijasema imekwisha. Ulimtuma Yordani aniulize kama nakutaka. Hilo swali mama haulizwi. Ulichotakiwa kutuma hukutuma. Ukilitaka jambo lako, lilete kwa njia yake."

Hapo akaniambia nifunge barua.

Mdogo wako,
Hamisa

Amenirudisha nifungue. Anauliza kama unavaa soksi.


Aberdeen
14 Mei 1974

We mpagazi,

Nimesoma barua ya Hamisa nikalia, kisha nikacheka mpaka Moira akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. Nilipomweleza akakaa kwenye ngazi akasema, "Miaka mitano yote hiyo, mama wa watu anatandika mkeka?" Naye akalia. Basi ndiyo nyumba yangu ilivyokuwa siku hiyo.

Yordani, mimi nimezaliwa kule. Posa nimeziona, nimewabebea washenga viatu nikiwa mdogo. Lakini nilipooa mwenyewe nikadhani barua inatosha, kwa kuwa huku kila kitu ni barua. Halafu kimya cha Mama nikakipokea kama laana. Nawe ulipotania nikakuamini, na ulipoacha kutania nikachimba kaburi. Sijui elimu yangu ilikuwa inafanya kazi gani wakati huo wote.

Chuo nimewapelekea simu ya maandishi, nimekubali bila kungoja jibu la Mama. Wamenijibu kwa simu vilevile, kwa upole kuliko nilivyostahili. Nafasi ya Julai imekwisha kwenda kwa Mtanzania mwenzetu anayefundisha Kanada, ila wanaweza kunipokea Septemba mpaka Desemba. Nimepoteza wiki kadhaa na wanafunzi ambao wangekuwa wangu, na hilo nimejifanyia mwenyewe. Moira ndiye aliyenisukuma. Amesema, "Nenda. Hata akikugeuzia mgongo, angalau utakuwa umeuona huo mgongo."

Lakini jambo la Mama litapita njia yake. Baba hayupo, wajomba wamekwisha. Nakuomba uwe mshenga wangu. Najua mtani si mtu wa kuaminiwa na neno zito, lakini Mama kakulisha tangu tuko shule ya kati, na hakuna mwingine ambaye Mama hatathubutu kumfukuza. Jozi ya kanga utanunua Korogwe, uchague zenye maneno ya heshima. Oga. Vaa shati lenye vifungo vyote. Na kuku wa Mama usimguse.

Mwenye mali halisi,
Rehani


Ngombezi
16 Juni 1974

We Mzigua uliyeoa kwa posta,

Afadhali umenitukana. Tangu Aprili nilikuwa siwezi hata kula vizuri, na mke wangu alianza kuniita marehemu.

Nimekwenda. Nilivaa koti la baba, nikamchukua mzee Ernesti wa hapa kiwandani, maana mshenga haendi pekee kama mwizi. Mama yako alituona tangu tunashuka kwenye basi. Aliona makoti. Akatandika mkeka, akaleta na kiti, akaingia ndani kubadili kanga. Alipotoka, Rehani, hakunijua! Mwanamke aliyenipa uji nikiwa sina hata kaptula ya pili kanitazama akasema, "Karibuni. Wageni mmetoka wapi?"

Nikasema tumetoka Ngombezi. "Mmetumwa na nani?" Nikasema tumetumwa na kijana wenu. Ameliona ua kwenye bustani ya watu, akalichuma kabla hajapiga hodi, sasa anaona haya. Akauliza, "Hiyo bustani iko wapi?" Mbali, mama, ng'ambo ya bahari. "Wenye bustani ni watu gani?"

Hilo wewe hukunieleza! Nikasema kinachonijia, nikasema ni watu wa mvua, wafuga kondoo, na wanaume wao siku ya sikukuu huvaa sketi. Mzee Ernesti akanikanyaga mguu. Mama yako akaziba mdomo kwa upindo wa kanga akatazama pembeni. Nadhani alikuwa anacheka, lakini siwezi kuapa, na mwaka huu nimeogopa kuapa.

Alipokaa sawa akasema, "Nimesikia. Jibu lipo. Lakini ua alilichuma kwa mkono wake mwenyewe, basi na jibu alifuate mwenyewe. Mwambieni aje alichukue."

Nikamwomba. Nikamwambia mama, walau nimdokeze kama ni zuri au baya, mtu asipande ndege bure. Akaniambia, "Alipopanda kwenda, alijua atakuta nini?"

Kwa hiyo sijui, Rehani. Nimekaa na mama yako mchana mzima na nimetoka sijui. Kanga alizipokea, akazikunja, akaziweka ndani bila kusoma maneno yake mbele yetu. Kuku alinipa, nikakataa. Hapo ndipo nilipomwona ameshtuka kweli, akanigusa paji la uso kuangalia kama nina homa.

Njoo. Ukifukuzwa utalala kwangu Ngombezi, kwenye kitanda chako.

Mshenga mwenye njaa,
Yordani


Mlimani, Dar es Salaam
7 Oktoba 1974

Mdogo wangu Hamisa,

Hongera kwa mtoto, na Mungu akupe nguvu. Hiza ameandika kwamba wewe na kichanga hamjambo, na kwamba umenuna kwa kuwa mambo ya Kabuku yametokea ukiwa kitandani. Anasema unataka uyasikie kwangu, si kwa Yordani, maana Yordani anayaongeza kila anapoyasimulia. Jumapili ijayo nitakuja Mkumbara kumwona mpwa wangu, lakini najua hutaweza kungoja.

Kwanza kazi. Darasa limejaa, wengine wanasimama. Huko Aberdeen nikieleza jinsi maji yanavyojificha chini ya mwamba, wanafunzi huandika. Hapa wiki ya kwanza tu kijana mmoja kutoka Handeni alisimama akauliza, "Mwalimu, na kwetu yako wapi? Mama yangu anatoka na ndoo kabla ya jua." Nilisahau nilikuwa nimefika wapi. Tukakaa na ramani mpaka kengele ikapigwa. Sasa tumepanga wiki moja ya Novemba kuwapeleka wote kwenye vijiji vipya, tuangalie wapi pachimbwe visima. Nimefurahi, Hamisa. Nilikuwa nimesahau kwamba kazi hii inafurahisha.

Sasa Kabuku. Nilishuka kwenye basi Jumamosi asubuhi na sanduku langu. Habari ilikuwa imenitangulia, watu wametoka nje ya nyumba zao zote zilizopangwa mstari, na watoto wananifuata nyuma. Nyumba ya Mama niliijua kwa kuku. Na mlangoni, Yordani. Amejipaka unga usoni, amevaa gunia, ameushika mchi ameukingamisha mlangoni. Pembeni yake Wanyamwezi wenzake wawili wa Ngombezi wanapiga debe.

"Simama hapo hapo!" akapaza sauti. "Sisi hatupokei Wazungu! Mwenye nyumba ana mtoto mmoja tu wa kiume, naye ni mimi. Wewe pita, basi la Moshi linakuja!"

Nilijua ni utani. Kichwa kilijua. Lakini mdogo wangu, miguu yangu haikujua. Ndani kimya, Mama hasemi kitu, hakohoi, na kijiji kizima kinanitazama nimesimama juani na tai shingoni. Yote niliyoyaogopa tangu mwaka 1969 yalikuwa pale mbele yangu. Nilifikiri kweli nigeuke.

Kisha nikasikia mdomo wangu umefunguka wenyewe. Nikasema, "We mpagazi, siku hizi hata milango unaibeba? Tua chini, hakuna msafara leo! Babu yako alipita hapa na pembe ya Mwarabu akatuomba maji, tukampa kwenye kata iliyotoboka, ndiyo maana ukoo wenu mpaka leo hamjashiba, mnazunguka kutafuta kuku wa watu! Toka, nakuuza kwa kibaba cha mtama, na chenji nitapewa!"

Watu wakapiga kelele, kuku wakaruka. Na kutoka ndani nikakisikia kile kicheko cha Mama, unakijua, kinaanza kama kikohozi halafu kinakataa kusimama. Akatoka anafuta macho. Akamwambia Yordani, "Mpishe. Huyu ni wangu. Niliogopa wamenirudishia mtu mwingine."

Nikapiga magoti nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono akaniingiza ndani. Amezeeka, Hamisa. Barua hazisemi jambo hilo. Alikuwa amejifunga kanga moja katika zile alizonunua Yordani. Kiti kilikuwapo lakini akanikalisha mkekani, naye akakaa mbele yangu. Yordani na mzee Ernesti aliyekuja naye wakaitwa wakae pia, kwa kuwa ndio waliolileta neno. Yordani hakuwahi hata kunawa unga.

Mama akasema, "Umekuja kuchukua jibu lako." Nikasema ndiyo, Mama. Akasema, "Nina swali moja. Huyo mkeo ana mama?"

Nikasema anaye, yu hai.

"Anakaa karibu?"

Hapana, ni mwendo wa saa mbili kwa gari moshi.

"Na tangu umemwoa, huenda kumwona mama yake?"

Nikamwambia ukweli, kwamba huenda kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, hata theluji ikianguka, na asipoweza kwenda hukaa ananung'unika nyumba nzima.

Mama akawatazama washenga. Akasema, "Mmesikia. Huyo mwanamke amelelewa. Tumemkubali." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye sijui ulilelewa na nani."

Nililia pale pale, mbele ya Yordani. Mama akaniacha nilie, mkono wake uko kichwani pangu. Nilipomaliza akachukua maji kwenye kata, akayaweka kinywani akanipulizia kifuani kama alivyokuwa akitufanyia siku za mtihani, akasema, "Radhi zangu unazo. Nilikuwa sijazitoa popote. Zilikuwa hapa hapa, wewe ndiye hukuja." Nikamtafuta Yordani nimwone atasema nini, kwa kuwa hajawahi kukosa la kusema. Alikuwa ameuelekea ukuta, unga wote usoni umekuwa uji.

Tulikula kuku wawili. Mama aliwachinjisha kabla sijafika, kwa hiyo utajua mwenyewe kama jibu lilikuwa linangoja swali au halikungoja.

Asubuhi yake, nilipokuwa nafunga sanduku nirudi Mlimani, alikuja akasimama akiniangalia. Akaniuliza huo mwaliko wa Chuo hutolewa kila baada ya muda gani. Nikasema sijui, Mama, ni mpango mpya, nitawauliza. Akasema, "Waulize. Na uwaulize kama mke naye hualikwa."

Kaka yako,
Rehani